Shindano, Gazeti na Warsha: Mwandishi wa Kiswahili Alisomea Wapi?

Ikisiri

Mijadala kuhusu ufundishaji wa uandishi wa kubuni mara nyingi huanza na swali iwapo kipaji kinaweza kufundishwa. Makala hii inaliweka kando swali hilo na kuuliza jingine la kihistoria: waandishi wa Kiswahili walisahihishwa wapi, na nani, na kwa njia gani? Kwa kulinganisha warsha ya uandishi iliyokulia Marekani na asasi tatu zilizomlea mwandishi wa Kiswahili, yaani majibizano ya washairi, ukurasa wa mashairi wa gazeti na shindano la uandishi, makala inadai kwamba ushairi wa Kiswahili ulikuwa na shule yake ya hadhara, ilhali nathari ililelewa zaidi na mashindano, ambayo huchagua bila kueleza. Pengo hilo bado lipo, nalo linapaswa kuongoza uamuzi wa mwandishi anayetafuta warsha, pamoja na idara zinazobuni kozi za uandishi.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa uzamili mwenye mswada wa riwaya mkobani ana njia nyingi mbele yake leo. Ipo kozi ya chuo kikuu inayodumu muhula mzima. Ipo warsha ya siku chache inayoendeshwa na mwandishi mwenye jina. Ipo pia kambi ya faragha, ambako mwandishi hupewa chumba na chakula ili aandike bila kusumbuliwa, na zipo tuzo zinazoalika miswada ambayo haijachapishwa. Mara nyingi huchagua kwa kuangalia jina la mwendeshaji, ada na cheti. Ni nadra kwake kuuliza kila moja ya njia hizo ilizaliwa wapi na ilikusudiwa kutatua tatizo gani. Msiba ni kwamba anayechagua bila kuuliza hilo anaweza kutumia miaka kadhaa akijifunza ufundi ambao lugha yake haikuuhitaji, huku akikosa ule inaouhitaji.

Katika makala hii, neno warsha linamaanisha kikao cha waandishi wachache wanaosoma na kujadili miswada ya wenzao chini ya uongozi wa mwandishi mzoefu. Kambi ni mahali pa utulivu pa kuandikia, pawe na mafunzo au pasiwe nayo. Shindano ni mwaliko wa kuwasilisha kazi iliyokamilika ili iamuliwe na jopo. Tofauti hizi ni za msingi kwa hoja inayofuata.

2.0 Chumba kilichofungwa: asili ya warsha

Warsha ya uandishi kama tunavyoijua ina historia fupi kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1922 Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani kilikubali kazi ya kubuni iwasilishwe kama tasnifu ya shahada ya juu. Mwaka 1936 ikaanzishwa rasmi Iowa Writers' Workshop chini ya Wilbur Schramm, na kuanzia 1941 hadi 1965 ikaongozwa na mshairi Paul Engle, aliyeifanya mfano wa kuigwa na vyuo vingine. Nchini Uingereza, Chuo Kikuu cha East Anglia kilianzisha shahada ya uzamili ya uandishi mwaka 1970 chini ya Malcolm Bradbury na Angus Wilson. Kambi za faragha zina chimbuko lingine. MacDowell, huko New Hampshire, ilianza kuwapokea wasanii mwaka 1907, na desturi yake ya kuacha kikapu cha chakula cha mchana mlangoni mwa msanii imekuwa alama ya aina hiyo ya malezi: mwandishi anapewa muda, na hakuna anayemgusa.

Utaratibu wa warsha unafahamika. Mswada hugawiwa mapema, wanakikundi huusoma, kisha huujadili mbele ya mwandishi wake, ambaye kwa desturi hunyamaza mpaka wamalize. Kunyamaza huko kuna mantiki. Kitabu kikishatoka, mwandishi hatakuwapo kumweleza msomaji alichokusudia, hivyo warsha humzoesha kutokuwapo huko. Lakini utaratibu huo unachukulia mambo mawili kuwa ya kweli. Kwanza, kwamba msomaji ni mgeni asiyemjua mwandishi. Pili, kwamba kazi husomwa kimya, na mtu aliye peke yake. Mambo hayo yanaifaa riwaya iliyochapishwa. Hayaufai sana ushairi unaoimbwa mbele ya watu wanaomjua mtunzi na babu yake.

Wataalamu wameshaonyesha kwamba chumba hicho hakikuwa nje ya siasa za wakati wake. Mark McGurl (2009) anaeleza jinsi vyuo vikuu vilivyoigeuza fasihi ya Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Eric Bennett (2015) anafuatilia fedha na fikra za Vita Baridi zilizomwezesha Engle, ambaye mwaka 1967 alianzisha pamoja na Hualing Nieh programu ya kimataifa ya waandishi hapo Iowa. Waandishi wa Afrika Mashariki walipita huko. Okot p'Bitek alikuwa mgeni wa programu hiyo. Taban lo Liyong alihitimu shahada ya uzamili ya uandishi Iowa mwaka 1968, na hutajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Katika mwaka huohuo wa 1968, akiwa Nairobi pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba, Taban alitia saini waraka uliotaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika, ikiwamo fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Tukio hilo linatuonya tusiichukulie warsha kuwa mtambo wa kuzalisha watiifu. Mtu anaweza kutoka katika chumba hicho akiwa na zana, kisha akazitumia kuubomoa ukuta.

3.0 Shule isiyo na kuta: majibizano na gazeti

Waswahili hawakuingoja Iowa ili wajue kusahihishana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliishi katika zama ambazo shairi lilipelekwa mji mwingine likitarajiwa kujibiwa. Aliyejibu alilazimika kufuata bahari, vina na mada ya aliyemwanza, huku akimzidi kwa fumbo. Huo ulikuwa uhakiki uliofanywa kwa kutunga: udhaifu wa shairi la kwanza ulionekana katika nguvu ya shairi la pili. Watunzi wa tenzi nao walikuwa na desturi ya kuagiza wino na karatasi mwanzoni mwa kazi na kuwaomba wasomaji, mwishoni, warekebishe penye makosa. Hata tukiichukulia desturi hiyo kuwa adabu tu, adabu yenyewe inatufunza kitu: mtunzi alikiri hadharani kwamba kazi yake iko mikononi mwa wajuzi wengine.

Shule hiyo ilipata ukumbi mpya mwaka 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilipoanzisha gazeti la Mambo Leo. Ukurasa wa mashairi uliwakutanisha watunzi ambao wasingekutana barazani. Shaaban Robert wa Tanga, Mathias Mnyampala wa Dodoma na Saadan Kandoro ni miongoni mwa waliojulikana kupitia magazeti, na diwani kama Mashairi ya Saadani (1972) zimehifadhi sehemu ya majibizano ya namna hiyo. Aliyekosea mizani aliambiwa, na aliambiwa mbele ya nchi nzima. Aliyesoma bila kuandika naye alijifunza, kwa kuwa makosa ya mwenzake yalikuwa darasa lake.

Hatua ya tatu ilikuja mwaka 1954, Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Umuhimu wa kitabu hicho katika nadharia ya ushairi umejadiliwa sana. Hapa inatosha kukitazama kama kitabu cha kiada cha uandishi. Amri alizaliwa Ujiji, mbali na Lamu na Mombasa. Kwa kuziandika kanuni za vina, mizani, beti na vituo, na kwa kusisitiza kwamba shairi sharti liimbike, aliutoa ujuzi uliokuwa ukirithishwa kwa sikio na kumkabidhi kijana wa bara asiye na babu malenga. Muundo wa kitabu chenyewe, kanuni kwanza na diwani baadaye, ni wa kifunzi: fanya hivi, kisha tazama nilivyofanya.

Hata hivyo, tusiipambe shule hiyo kupita kiasi. Usahihishaji wa hadhara hupenda kinachohesabika. Mizani huhesabika, lakini uchovu wa sitiari hauhesabiki. Katika miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi (1974), na wenzake wa vyuo vikuu walipoanza kutunga mashairi yasiyofuata vina na mizani, shule ya hadhara ilijikuta haina maneno ya kuyahakiki ila kusema kwamba si mashairi. Mgogoro huo, uliofikia hatua ya kuwa jina la kitabu cha J. M. Mayoka (1986), ulikuwa kwa sehemu mgogoro kati ya aina mbili za malezi. Upande mmoja ulilelewa na gazeti na baraza, mwingine na ukumbi wa mihadhara. Shule isiyo na kuta ilikuwa na mabawabu wake.

4.0 Juni 1962

Mwezi Juni 1962, Chuo Kikuu cha Makerere kiliwakutanisha waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na Ezekiel Mphahlele. Mkutano ulidhaminiwa na Congress for Cultural Freedom, asasi ambayo baadaye ilifichuliwa kuwa ilipata fedha kutoka shirika la ujasusi la Marekani. Katika mwezi huohuo Shaaban Robert alifariki dunia. Ngũgĩ (1986) amekumbusha kwamba sharti la lugha lilimweka nje mwandishi huyo, ambaye Kusadikika yake ilikuwa imechapishwa tangu 1951, na kumwingiza ndani yeye Ngũgĩ, mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache.

Lawama hiyo inajulikana. Jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni kile mkutano ule ulichomfanyia mwanafunzi huyo. Tangu 1958 Makerere ilikuwa na jarida la Penpoint, ambamo Ngũgĩ alichapisha hadithi zake za mwanzo. Katika mkutano alimpa Achebe mswada wa Weep Not, Child. Achebe aliusoma na kuupendekeza kwa Heinemann, nao ukatoka mwaka 1964. Tunaona hapa mnyororo kamili: jarida la wanafunzi, msomaji mzoefu, kisha mchapishaji. Nguvu ya warsha haikuwa katika mazungumzo peke yake. Ilikuwa katika mlango uliofunguka baada ya mazungumzo.

Mwaka uliofuata, 1963, Mphahlele alianzisha Nairobi kituo cha utamaduni alichokiita Chemchemi, kwa msaada wa asasi ileile. Jina lilikuwa la Kiswahili. Lakini mnyororo uliokuwa ukisukwa wakati huo, kuanzia darasani hadi kwenye orodha ya vitabu, ulipita katika Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili hakukosa wasomaji wala wachapishaji. Alichokosa ni nafasi ya kukaa na mswada wake mbele ya mwandishi mwenzake kabla haujaamuliwa.

5.0 Nathari na malezi ya mashindano

Upungufu huo uliiumiza nathari zaidi. Shairi lina beti chache. Linaweza kujibiwa gazetini juma lijalo. Riwaya ya kurasa 150 haijibiwi hivyo. Je, nani aliisoma kabla ya kuchapishwa?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa ni ofisi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa na jukumu la kuwatia moyo na kuwasaidia waandishi wenye asili ya lugha hii, lakini kazi yake kuu ilikuwa usanifishaji. Msomaji wake alitazama tahajia, sarufi na msamiati. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipanua uwanja kwa kuhimiza uandishi wa Waafrika, na chombo chake mojawapo kilikuwa shindano. Katika shindano lake la hadithi za Kiswahili la 1957/58, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960 na kuanzisha mfululizo wa riwaya za Bwana Msa.

Ushindi huo unastahili kusomwa upya. Abdulla hakuibuka kutoka gizani. Alikuwa mhariri wa magazeti. Kabla ya jopo kumwona, alikuwa ameshajifunza kukata sentensi, kupanga tukio na kumtunza msomaji asikimbie. Shindano lilimgundua, ila halikumfunza. Hili ndilo tabia ya shindano. Hupokea kazi iliyokamilika, humpa mmoja au watatu zawadi, na kwa wengine hurudisha kimya. Aliyeshindwa kwa sababu sura zake tatu za mwanzo ni ndefu mno na aliyeshindwa kwa sababu hana hadithi hupata jibu lilelile.

Mfumo huo umeendelea kuimarika. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014, na mwaka 2023 zilitolewa kwa mara ya kwanza Tuzo za Taifa za Mwalimu Nyerere za Uandishi Bunifu nchini Tanzania. Zote zimeleta heri kubwa: fedha, uchapishaji na heshima. Wakati huohuo, warsha za waandishi zilizopata umaarufu wa kimataifa zimeendelea kuwa za Kiingereza. Caine Prize, iliyoanza mwaka 2000, huandaa warsha zake katika nchi za Afrika. Ya mwaka 2017 ilifanyika Tanzania, na mkusanyiko uliotokana nayo ukaitwa The Goddess of Mtwara. Hivyo basi, katika nchi ambayo ni ngome ya Kiswahili, Mtwara ilipata nafasi kwenye jalada, na lugha ya Mtwara haikuipata mezani. Hatusemi hivyo kumlaumu mwandishi yeyote aliyehudhuria. Tunaonyesha mgawanyo wa kazi uliojijenga: Kiingereza kina warsha, Kiswahili kina tuzo.

6.0 Mifano ya njia nyingine

Mgawanyo huo si majaliwa. Katika kituo cha Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, mswada wa tamthilia ya Ngaahika Ndeenda ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii ulisomwa na kufanyiwa mazoezi mbele ya wanakijiji. Wazee walirekebisha methali, wafanyakazi wakarekebisha maelezo ya kazi zao. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba, ukapigwa marufuku Novemba, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Lugha ilikuwa Kikikuyu, lakini funzo linatuhusu: warsha inaweza kufanywa bila kumfungia mwandishi chumbani, na wasahihishaji wanaweza kuwa watu wanaoijua mada kuliko mwandishi.

Mfano wa pili ni wa kinyume. Chama cha waandishi wanawake wa Uganda, FEMRITE, kilichoanzishwa mwaka 1995, kilitegemea vikao vya mara kwa mara vya kusomeana kazi. Hapa kikao kidogo kilikuwa na faida ambayo uwanja wa hadhara haukuwa nayo. Mwanamke anayeandika kuhusu ndoa yake huhitaji wasomaji wachache anaowaamini kabla ya kuwakabili wasomaji wote. Fasihi yetu inalijua jambo hili: utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ulielekezwa kwa binti, ndani ya nyumba, kabla haujawa mali ya umma.

Mfano wa tatu ni Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991. Mradi ulitoa mafunzo kwa waandishi na wachoraji, na ulinunua nakala za vitabu vilivyofuzu na kuzisambaza shuleni. Yaani uliunganisha warsha ya Kiswahili na mlango wa kutokea, kama Makerere ilivyofanya kwa Kiingereza.

7.0 Kuchagua leo

Historia hii inampa mwandishi maswali manne ya kuuliza kabla ya kujiandikisha. La kwanza ni la lugha: je, mswada utajadiliwa katika lugha ulimoandikwa? Warsha inayomtaka mwandishi wa Kiswahili atafsiri kwanza humfunza kutafsiri. La pili ni la msahihishaji: je, ni mtu anayeijua tanzu husika? Malenga hodari anaweza kuwa msomaji dhaifu wa riwaya, na kinyume chake. La tatu ni la hatua ya kazi. Mwenye mswada uliokwama anahitaji warsha. Mwenye mpango kamili asiye na nafasi nyumbani anahitaji kambi. Mwenye kazi iliyokomaa anaweza kwenda kwenye shindano. Wengi huanza na la mwisho kwa sababu ndilo lisilo na ada. La nne ni la mlango: baada ya siku ya mwisho, mswada unakwenda wapi?

Kwa idara za Kiswahili, yanafuata mapendekezo mawili. La kwanza ni kwamba kozi za uandishi zisiige kanuni ya mwandishi kunyamaza kana kwamba ni sheria ya maumbile. Mazoezi yanaweza kujengwa juu ya majibizano: mwanafunzi ajibu hadithi ya mwenzake kwa hadithi, asome kazi yake kwa sauti, na aruhusiwe kujibu hoja. La pili linahusu tuzo, ambazo majopo yake huwa na wanataaluma wengi kutoka miongoni mwetu. Jopo linaposoma mswada, tayari limeshafanya kazi ya uhakiki. Kinachokosekana ni kuiandika. Ukurasa mmoja wa maoni kwa kila aliyefika orodha ndefu ungeugeuza uamuzi kuwa somo. Gharama yake ni saa chache za msomaji ambaye tayari ameshausoma mswada.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba mwandishi wa Kiswahili alikuwa na shule, ila haikuitwa shule. Mshairi alisomea katika majibizano, gazetini na katika kitabu cha Amri Abedi. Mwandishi wa nathari alijifunza kazini na akaamuliwa shindanoni, mara nyingi bila kuelezwa sababu. Warsha ya chumbani ilipofika Afrika Mashariki, ilikuja na lugha yake, fedha zake na milango yake. Kuikataa kwa sababu ya asili yake kungekuwa kosa, kwani Waswahili hawajawahi kukataa chombo kwa kuwa kimetoka ng'ambo. Kuipokea bila kuijengea mlango wa Kiswahili kungekuwa kosa kubwa zaidi. Utafiti ujao unaweza kufuatilia kumbukumbu za wahariri na majopo ya mashindano, ili ijulikane miswada iliyokataliwa ilisemwa nini, na na nani. Huenda historia ya riwaya yetu iliyopotea imelala katika majalada hayo.